Je, Mwanafunzi wa Utafiti Anafanya Nini Miaka Yote Hiyo?



Kila tunapokaa na kamati za parokia kupitia orodha ya wanafunzi tunaowasomesha, swali moja halikosi. Kijana alimaliza shahada ya kwanza, tukashangilia na kupiga picha. Sasa tunaambiwa anasoma tena miaka miwili, mwingine minne au mitano. Tukienda kumtembelea chuoni hatumkuti darasani. Hana ratiba ya vipindi, mitihani yake hatuisikii, na mara nyingine hata chuoni hayupo, yuko kijijini anapita nyumba kwa nyumba na karatasi zake. Mjumbe mmoja mzee alituambia waziwazi kwamba kwa fedha hizo kigango chake kingepata kisima cha pampu, kisha akauliza huyo kijana anasoma kitu gani ambacho hakimo vitabuni.

Swali hilo ni la haki, na tunakiri kwamba majibu yetu ya nyuma hayakuwa mazuri. Tulizoea kujibu kwamba nchi inahitaji wasomi, jibu ambalo halimwambii mtu lolote. Mzee yule, pengine bila kukusudia, aliligusa jambo lenyewe. Mwanafunzi wa ngazi hii anafundishwa namna ya kupata kile ambacho hakimo vitabuni. Katika makala hii tunajaribu kueleza kazi hiyo inavyofanyika. Tumechagua mfano wa zao linalolimwa katika parokia zetu nyingi, yaani mhogo, pamoja na ugonjwa uitwao konzo. Mfano huu unapita Msumbiji, Kongo na Tanzania, na baadhi ya watu waliofanya kazi yenyewe walikuwa wanafunzi walipoifanya.

Darasani jibu lipo

Kuanzia darasa la kwanza hadi shahada ya kwanza, mwanafunzi huulizwa maswali ambayo mwalimu anayajua majibu yake. Akikosea anasahihishwa, akipatia anapewa alama. Hiyo si elimu ndogo. Bila hiyo tusingekuwa na wauguzi wala mafundi wa maji. Lakini katika shahada ya uzamili, na zaidi katika shahada ya uzamivu, mwanafunzi anapewa msimamizi ambaye naye hajui jibu. Msimamizi anaijua njia. Anajua mahali ambapo wengine wamepotea, vipimo gani vinadanganya, na swali gani ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Jibu lenyewe hana.

Wengi hutuambia kwamba mwaka wa kwanza ndio mgumu kwa sababu hiyo. Kijana aliyekuwa akishika namba moja darasani anajikuta hana wa kumwambia kama amepata au amekosa. Kazi yake ya mwanzo ni kusoma karibu kila kilichoandikwa kuhusu jambo lake, na kuyahoji maandiko hayo kama mzee wa baraza anavyomhoji shahidi. Huyu amejuaje? Alipima nini, na alimlinganisha mgonjwa na nani? Je, hakuna maelezo mengine yanayoweza kutoa matokeo yaleyale? Akifanya hivyo kwa miezi mingi anafika mahali ambapo waliotangulia walisimama, na hapo ndipo swali lake linapoanzia. Kwa mtu anayepita nje, miezi hiyo inaonekana kana kwamba anasoma tu.

Memba, mwaka 1981

Mwaka 1979 daktari kijana kutoka Uswidi, Hans Rosling, alikwenda kufanya kazi Nacala, kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka 1981 zikaja habari kutoka wilaya ya Memba. Watu waliolala wazima walikuwa wakiamka miguu imekakamaa, hawawezi kutembea. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Hofu ilikuwa kubwa. Wengine walifikiri ni polio, wengine ni sumu ya vita, wengine ni maambukizo mapya yasiyojulikana.

Rosling aliisimulia hofu hiyo katika kitabu chake Factfulness, kilichotoka mwaka 2018, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Anasema kiongozi wa mji wa Nacala alimuuliza kama ugonjwa huo unaweza kuwa wa kuambukiza na kama afunge barabara. Daktari, akiwa hana uhakika, hakumzuia. Barabara ikafungwa. Akina mama waliokuwa wakienda sokoni na watoto wao, walipokuta njia imezibwa, waliwaomba wavuvi wawapeleke kwa mashua. Mashua ikazama nao. Ugonjwa wenyewe, kama ilivyokuja kujulikana, hauambukizi hata kidogo. Rosling alikaa na jambo hilo moyoni zaidi ya miaka thelathini kabla ya kulisema hadharani.

Tunakileta kisa hiki kwa makusudi. Tukizungumzia utafiti mbele ya kamati, wengi wetu tunaufikiria kama anasa, kitu cha kufanywa baada ya mahitaji ya lazima. Pale Memba, kutokujua kulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo ililipwa na watu ambao hawakuugua.

Kilichofuata ndicho kinachofanana na kazi ya mwanafunzi. Hofu ilipaswa kugeuzwa kuwa maswali yanayoweza kujibiwa. Polio huilegeza miguu, lakini hii ilikuwa imekakamaa, kwa hiyo si polio. Kama ni sumu ya vita, kwa nini watoto wanaonyonya hawaguswi? Kama ni maambukizo, kwa nini ugonjwa unafuata vijiji vilivyokumbwa na ukame na njaa? Wagonjwa walihesabiwa katika mkoa wa Nampula wakafikia 1,102. Familia ziliulizwa zinakula nini na wanakiandaaje. Damu na mkojo vilipimwa. Jibu lilianza kuonekana kwenye sahani: mihogo michungu, iliyoliwa karibu peke yake kwa wiki nyingi, bila kuandaliwa kikamilifu.

Akina mama walijua nini, na nini kilikuwa kipya

Hapa inafaa kueleza kidogo kemia ya mhogo, kwa kuwa bila hiyo mtu anaweza kudhani mhogo wenyewe ni adui. Ndani ya mhogo mchungu mna kitu kiitwacho linamarini. Mhogo unapokatwa, kulowekwa au kutwangwa, linamarini inakutana na kimeng'enya kilichomo humohumo katika mhogo, inavunjika, na sianidi inatoka. Sianidi ni sumu, lakini pia ni hewa inayoruka. Mhogo ukilowekwa siku tatu au ukirundikwa hadi uchachuke na uote ukungu, kisha ukakaushwa, sumu nyingi inakuwa imeondoka. Kile kidogo kinachobaki mwili unakigeuza kiwe kitu chenye madhara machache zaidi na kukitoa kwa mkojo. Kwa kazi hiyo mwili unahitaji salfa, ambayo tunaipata katika protini, hasa ya nyama, samaki na mayai.

Akina mama wa Nampula hawakuhitaji kuambiwa kwamba mhogo mchungu ambao haujaandaliwa una sumu. Wao na bibi zao ndio waliobuni njia za kuuandaa. Waliupanda mchungu kwa sababu unavumilia ukame, na nguruwe pori na wezi hawaupendi. Ukame huohuo huzidisha sumu ndani ya mhogo. Njaa ilipoingia, watoto wakilia, nani angesubiri siku zote zile? Siku zilipunguzwa.

Basi utafiti uliongeza nini? Uliunganisha mambo matatu ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameyaona pamoja: sumu iliyobaki, upungufu wa protini katika chakula, na miguu iliyokakamaa. Tena uliyaunganisha kwa vipimo ambavyo mtu mwingine angeweza kuvirudia. Tunalisisitiza hili kwa sababu tumesikia vijana wetu wengine wakirudi kutoka chuoni na kuzungumza na wazee kana kwamba kijiji hakijui lolote. Mtafiti mzuri huanzia pale ujuzi wa wenyeji ulipofika.

Rosling alirudi Uswidi, na mwaka 1986 akatunukiwa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Uppsala kwa tasnifu kuhusu mhogo, sianidi na ugonjwa huo wa Msumbiji.

Barabara ya lami

Mtu anaweza kudhani kazi iliishia hapo, lakini kulikuwa na pingamizi la haki. Njaa, ukame na mhogo vilitokea kwa pamoja, sasa utajuaje ni kipi kilichosababisha? Zaidi ya hapo, miaka hiyo iligundulika kwamba virusi viitwavyo HTLV navyo vinaweza kukakamaza miguu. Huenda watu wa mihogo walikuwa na virusi, na mhogo ulikuwepo tu.

Swali hilo lilimwangukia mwanafunzi mwingine wa Uppsala, Thorkild Tylleskär, safari hii mwalimu wake akiwa Rosling mwenyewe. Uwanja ulikuwa Bandundu, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko ugonjwa ulikuwa umeelezwa kitabibu tangu mwaka 1938, na jina konzo limetoka huko, katika lugha ya Kiyaka, likiwa na maana ya miguu iliyofungwa.

Tylleskär na wenzake Wakongo walizunguka vijiji vya Masi-Manimba, wakawauliza watu ugonjwa ulianza lini. Majibu yaliwaelekeza kwenye mwaka 1974. Nini kilitokea mwaka huo? Barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilikuwa imekamilika. Malori yakaja, mhogo ukawa zao la kuuzwa, na mwenye kuuza haraka ndiye aliyepata fedha. Kuloweka kukashuka kutoka siku tatu hadi siku moja. Hakukuwa na haja ya ukame wala vita, barabara peke yake ilitosha.

Tuliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza tulinyamaza kidogo, maana sisi ni watu wa barabara. Tumechangia madaraja, tumepiga picha siku za uzinduzi, na hatukuwahi kujiuliza barabara ikifika inabadilisha nini jikoni. Hatusemi barabara zisijengwe. Tunasema hakuna mtu ambaye angelifikiria jambo hilo akiwa ofisini. Lilipatikana kwa sababu mwanafunzi alikuwa na muda wa kuuliza swali moja katika kijiji baada ya kijiji.

Kuhusu virusi, wagonjwa walipimwa na havikuonekana kuwa chanzo. Familia zenye mgonjwa zililinganishwa na familia jirani zisizo na mgonjwa. Ulinganisho huo ndio kiini cha kazi nzima, na ndio unaochukua muda mrefu kujifunza. Mtu asiyezoea akiona wagonjwa 10 wote wanakula mhogo, anasema mhogo ndio sababu. Mwanafunzi aliyefundwa anauliza kwanza: na wazima 10 wa kijiji hichohicho, je, wao wanakula nini? Wakiwa nao wanakula mhogo, hajagundua kitu bado. Inambidi atafute tofauti ndogo zaidi, kwa mfano siku za kuloweka. Tasnifu ya Tylleskär ilikamilika mwaka 1994.

Mwanamke wa Makanga

Katika kitabu hichohicho Rosling anasimulia jambo lililotokea Makanga, huko Bandundu, mwaka 1989. Alikuwa amejiandaa kuchukua damu ya wanakijiji kwa ajili ya vipimo vya konzo. Watu wakakasirika. Baadhi walishika mapanga, na yeye aliona wazi kwamba huenda asitoke pale akiwa hai. Damu yetu mnaipeleka wapi? Mtaiuza?

Aliyemwokoa alikuwa mwanamke wa makamo, peku, ambaye alisimama katikati ya watu na kuwahutubia. Aliwakumbusha watoto waliokuwa wakifa kwa surua kabla ya chanjo kuja. Akawauliza kama wanadhani chanjo hiyo iliota juu ya mti. Ilipatikana kwa watu kuchunguza na kuchunguza tena, na hawa wageni wanafanya hivyohivyo kuhusu konzo. Kisha akanyoosha mkono wake atolewe damu wa kwanza. Watu wakapanga foleni nyuma yake.

Mwanamke yule hakuwa na shahada, lakini aliuelewa utafiti kuliko baadhi yetu tunaosaini hundi. Pia tusiwalaumu waliokasirika. Swali lao kuhusu damu lilikuwa sahihi, na leo hakuna chuo chenye heshima kinachomruhusu mwanafunzi aende kwa watu bila kulijibu. Anaandika andiko la utafiti, linapitiwa na kamati ya maadili, anapata kibali, na kila mshiriki anaelezwa kwa lugha anayoielewa kabla ya kukubali au kukataa. Mambo haya yanakula miezi, na ni sehemu ya mafunzo. Mwanakamati anayemwona mwanafunzi wetu akisubiri kibali asidhani amelala.

Tarime na Masasi

Tanzania nayo haikusalimika. Mwaka 1985, wakati wa ukame, konzo ilionekana wilayani Tarime, mkoani Mara. Mwaka 1988 huko Masasi, mkoani Mtwara, watu walidhurika ghafla na sumu ya mhogo. Mtanzania aliyefuatilia mambo haya ni Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Naye alipita Uppsala, na mwaka 1995 akamaliza tasnifu kuhusu uandaaji wa mhogo na sianidi katika chakula nchini Tanzania.

Mchango wake ni mdogo kwa macho, lakini ni wa kweli. Wenyeji wa Kanda ya Ziwa wanaujua udaga, mhogo uliochachushwa, na wanayajua makopa, mhogo uliomenywa na kuanikwa tu. Watu wa kusini wana chinyanya, ambao hupondwa na kuanikwa. Kwa macho vyote ni mihogo mikavu, meupe, inayosagwa unga. Vipimo vilionyesha kwamba si sawa hata kidogo, na kwamba kwa mihogo michungu jua peke yake halitoshi kuondoa sumu. Mwaka wa njaa watu wanaacha udaga unaochukua siku nyingi na kukimbilia kuanika. Hapo ndipo hatari inapoingia.

Tunaombwa mara nyingi tueleze kwa nini Mtanzania asome mambo haya ilhali Waswidi wameshayasoma. Hii ndiyo sababu. Mtu asiyejua tofauti ya udaga na chinyanya asingeuliza swali hilo.

Tasnifu inapopigiliwa ukutani

Vyuo vya Uswidi vina desturi moja tunayoipenda. Tasnifu ikichapishwa, inatangazwa hadharani angalau wiki tatu kabla ya siku ya kutetewa, na kwa jadi nakala hupigiliwa misumari ukutani, kama tangazo la ndoa linavyobandikwa kwenye mlango wa kanisa: mwenye pingamizi aseme. Siku ikifika, chuo kinamleta mtaalamu kutoka nje, ambaye cheo chake ni mpinzani. Kazi yake ni kuipekua tasnifu mbele ya watu, kutafuta ufa. Watu walioketi ukumbini nao wanaruhusiwa kuuliza.

Vyuo vyetu vina utaratibu wake, wa watahini wa ndani na wa nje na jopo la utetezi, lakini nia ni moja. Jambo halihesabiwi kuwa maarifa kwa sababu mwanafunzi analiamini, au kwa sababu ametumia fedha nyingi kulipata. Linahesabiwa baada ya watu wanaolitilia shaka kulipiga nalo likasimama. Mwanafunzi mwenyewe anafundishwa kuwa mpinzani wa kwanza wa wazo lake. Aandike waziwazi ni matokeo gani yangeonyesha kwamba amekosea, kisha aende kuyatafuta.

Ni vigumu. Sisi tulikuwa wa kwanza kutolielewa.

Mwanafunzi wetu wa mahindi

Miaka kadhaa iliyopita tulimfadhili binti mmoja aliyekuwa akichunguza uhifadhi wa mahindi vijijini. Tulimtaka alete taarifa kila robo mwaka kwa fomu ileile tunayoitumia kwa majengo: asilimia ngapi imekamilika, kiasi gani kimetumika, kipi kimebaki. Robo mbili za kwanza alijaza vizuri. Robo ya nne akaandika kwamba takwimu za msimu mzima zimelikataa wazo lake la mwanzo, na kwamba ameanza upya sehemu kubwa ya kazi.

Katika fomu yetu hapakuwa na mahali pa kuweka habari kama hiyo. Tuliisoma kana kwamba ukuta umeanguka. Kamati moja iliyokuwa ikichangia ada iliomba isitishe, na sisi tulikuwa karibu kukubali. Tulimwandikia msimamizi wake barua yenye maneno makali kidogo. Alitujibu kwa upole kwamba hilo lilikuwa tokeo la kwanza la kweli alilolipata binti huyo, na kwamba angepata wasiwasi zaidi kama kila kitu kingekwenda kama ulivyoandikwa mpango.

Tulijifunza hapo jambo ambalo tulipaswa kulijua. Fomu yetu ilikuwa inamshawishi mwanafunzi adanganye. Kijana mwenye njaa na ada inayodaiwa, akijua mfadhili anataka asilimia zipande, ana kila sababu ya kuandika kwamba wazo lake limethibitika. Yeye aliandika ukweli, na nusura tumwadhibu. Fomu hiyo tumeibadilisha. Sasa tunauliza: uliamini nini mwanzoni, na nini kimekufanya ubadilike?

Yaliyorudi jikoni

Wachangiaji wetu wanapenda kujua mwisho wa mambo, nao wana haki. Maarifa ya konzo yalikaa miaka mingi katika majarida kabla ya kufika kwenye ungo. Mwanakemia wa Australia, Howard Bradbury, alibuni karatasi za kupimia sumu zinazobadilika rangi kutoka njano kwenda kahawia, ambazo zinaweza kutumika hata mahali pasipo maabara kubwa. Baadaye, katika miaka ya 2000, yeye na wenzake walionyesha njia rahisi ya kupunguza sumu iliyobaki kwenye unga wa mhogo. Kwa kuwa baadhi ya parokia zetu ziko kwenye maeneo ya mihogo michungu, na konzo ilionekana tena mkoani Mtwara mwanzoni mwa miaka hiyo, tunaiandika hapa.

Unga unatiwa kwenye beseni na kusawazishwa, na alama inawekwa kwa ndani kuonyesha kimo chake. Maji yanaongezwa kidogokidogo huku unga ukikorogwa. Kwanza unashuka, halafu unapanda. Ukifika tena kwenye alama, maji yanatosha. Unga huo mbichi unatandazwa juu ya mkeka au ungo, unene usizidi sentimita moja, na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini ili sumu iruke. Kisha unasongwa ugali kama kawaida, siku hiyohiyo, usilale. Njia hii haichukui nafasi ya kuloweka au kuchachusha, inaongezwa juu yake. Na mboga yenye samaki, mayai au nyama kidogo inausaidia mwili.

Dkt. Jean-Pierre Banea, Mkongo aliyechapisha pamoja na Tylleskär mwaka 1992, aliongoza kazi ya kuwafundisha akina mama njia hiyo katika kijiji cha Kay Kalenda, eneo la Popokabaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: kwa muda wote wa mradi hapakutokea mgonjwa mpya. Tangu Memba ilikuwa imepita miaka 31.

Kazi haijaisha. Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba konzo inaharibu miguu na kuiacha akili salama. Mwaka 2013 watafiti waliowapima watoto huko Kongo waliripoti kwamba watoto wenye konzo, na hata wenzao wa vijiji hivyohivyo wanaotembea vizuri, walikuwa nyuma katika vipimo vya akili. Waliotangulia hawakudanganya, walikuwa hawajapima. Hadi leo pia haijakubalika ni kwa njia gani hasa sumu hiyo inaumiza mishipa ya fahamu. Kuna mwanafunzi mahali fulani anayesoma tu, miezi mingi, kuhusu jambo hilo.

Binti yetu wa mahindi amekwisha kupeleka tasnifu yake kwa watahini. Kamati ile iliyotaka kusitisha ada imetuandikia ikiomba nakala. Imeandikwa kwa Kiingereza na ina kurasa zaidi ya 200, kwa hiyo tumemwomba aandike kurasa nne za Kiswahili na aje kuzisoma mwenyewe mbele ya wanakijiji waliomfungulia maghala yao. Amekubali. Ameomba nauli tu, na awepo mtu wa kumwuliza maswali magumu. Mzee wa kisima amesema atakuwepo.